Simu haipatikani, mi nishamzika

SWALI: Shikamoo shangazi. Mume wangu anavua dagaa Ziwa Victoria huku Igombe, Mwanza, usiku simu yake ikiwa haipatikani tu mi nishaona mtumbwi umezama, nishawaza mpaka msiba, silali. Nimerogwa au?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujarogwa bana, hiyo ni hofu inayorukia baya kuliko yote, daktari Aaron Beck wa Marekani alianza kuishughulikia miaka ya 1960, na dawa yake ni kuihoji. Chukua daftari andika "amezama", pembeni andika ushahidi ulionao, utakuta ni simu tu, na huko katikati ya ziwa mtandao unakata kila siku we mwenyewe unajua, chaji nayo inaisha. Ziwa lina hatari kweli sikatai, laifujaketi mnunulie. Ila kumpigia kila dakika acha, unailisha hofu. Usingizi ukigoma wiki na wiki, hospitali ya Bugando hapo Mwanza kuna madaktari wa afya ya akili, nenda.