Pigo la 3,000 la Roberto Clemente

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni tukio gani la michezo, nje ya kandanda na riadha, ambalo msomaji angependa likumbukwe zaidi. Langu ni la besiboli, mchezo ambao aliyewahi kucheza raunda shuleni hatashindwa kuuelewa, nalo ni pigo la Roberto Clemente huko Pittsburgh, Marekani, tarehe 30 Septemba 1972.

Najua wengi wangemtaja kwanza Hank Aaron, aliyeipita mwaka 1974 rekodi ya Babe Ruth ya “home run”, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote, huku akiandamwa na barua za vitisho kwa sababu ya rangi yake, na siwalaumu. Lakini pigo la Aaron lilisubiriwa na Marekani nzima, ilhali la Clemente lilipata uzito wake baadaye.

Clemente, mzaliwa wa Carolina nchini Puerto Rico, aliichezea Pittsburgh Pirates tangu 1955, akilinda upande wa kulia wa uwanja kwa mkono uliorusha mpira kwa nguvu na shabaha ya kuwatia hofu wakimbiaji. Siku hiyo aliugonga mpira uliorushwa na Jon Matlack wa timu ya New York Mets, akafika kituo cha pili, na kutimiza mapigo 3,000 yaliyomfikisha kituoni salama, idadi ambayo ni wachezaji 10 tu wa ligi kuu waliokuwa wameifikia kabla yake. Aliinua kofia kuwashukuru watazamaji, ambao wala hawakuujaza uwanja.

Desemba 23 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua, ambako wiki chache tu nyuma alikuwa ameiongoza timu ya Puerto Rico mashindanoni. Alikusanya misaada, na alipopata habari kwamba shehena za awali zilitwaliwa na askari wa Somoza, mtawala wa nchi hiyo, kabla ya kuwafikia wahanga, aliamua kuisindikiza mwenyewe iliyofuata. Usiku wa Desemba 31 ndege ile, mbovu na iliyopakiwa kupita kiasi, ilianguka baharini punde baada ya kuruka kutoka San Juan. Clemente alikuwa na umri wa miaka 38, na mwili wake haukupatikana.

Kanuni ilitaka mchezaji asubiri miaka 5 kabla ya kupigiwa kura ya kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Kwake iliwekwa kando, naye akaingizwa mwaka 1973, hesabu ya mapigo yake ya ligi ikiwa palepale alipoiacha Septemba: 3,000, bila kuzidi hata moja.