Kuzimu, jehanamu na "asili ya Mungu": bango la Kongwa

SWALI: Kanisani kwetu hapa Kongwa tunaandaa bango la mkutano wa injili. Kamati imepitisha sentensi hii: "Mungu hutupa wenye dhambi kuzimuni wateketee milele, maana ndiyo asili yake." Mzee mmoja amepinga, anasema kuzimu siyo jehanamu. Vijana wanasema ni neno moja, tofauti ni lahaja tu. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme "asili ya Mungu" au "tabia ya Mungu"? Fundi wa kuchapa anasubiri.

JIBU: Mzee yuko sahihi. Mwambieni fundi asubiri kidogo, maana sentensi yenu ina maneno kumi na moja tu na karibu nusu yake yanahitaji kuguswa.

Tuanze na kuzimu. Hili ni neno la Kibantu, lina shina lile lile la mzimu na mizimu, na kiambishi ku- cha mahali. Ni mahali pa waliokufa, basi. Halisemi kitu kuhusu moto, wala halisemi waliomo ni wema au waovu. Ku- hiyo ndiyo tunayoiona katika kusini, kushoto na kuume, na kwa sababu mahali pamekwisha kutajwa mwanzoni mwa neno, hakuna haja ya kupataja tena mwishoni. "Kuzimuni" ni sawa na kusema "kusinini". Semeni alishuka kuzimu, walio kuzimu, kuzimu kuna giza.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo bila shaka ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wenu, hulitumia neno hili pale Kiebrania kinaposema Sheoli na Kigiriki kinaposema Hadesi. Yakobo alipoambiwa Yusufu ameraruliwa na mnyama alisema, "nitamshukia mwanangu kuzimu, nikisikitika" (Mwanzo 37:35). Hakuwa na maana kwamba mwanawe yuko kwenye adhabu na yeye anamfuata huko. Alikuwa anasema atakufa na huzuni yake. Vivyo hivyo Kanuni ya Imani ya Mitume kama Wakatoliki wanavyoisali: Yesu "akashukia kuzimu". Ukimfundisha mtoto wa kipaimara kwamba kuzimu ni moto wa adhabu, jiandae kwa swali lake atakapofika kwenye mstari huo.

Pana sehemu moja inayowachanganya watu, nayo ni Luka 16:23, ambapo tajiri yuko kuzimu "katika mateso" na anaomba maji kwa ajili ya ulimi wake. Hapo kuna kuzimu na kuna moto. Lakini moto unaletwa na habari yenyewe, si na neno. Nikisema "gerezani kuna joto", sijasema gereza maana yake ni joto.

Jehanamu lina ukoo mwingine kabisa. Kusini mwa Yerusalemu kuna bonde la Hinomu, na nabii Yeremia (7:31) analitaja kwa uchungu kwa sababu watu waliwateketeza watoto wao humo. Kwa Kiebrania jina la bonde hilo likafupishwa, Kigiriki kikalifanya Geena, Kiarabu kina jahannam, na pwani yetu ikalipokea kutoka kwa Waarabu. Katika Agano Jipya Geena imetajwa mara 12: mara 11 kinywani mwa Yesu, na mara moja katika Yakobo 3:6, kuhusu ulimi. Wahubiri hupenda kusema bonde hilo lilikuwa jalala la mji lililowaka moto usiku na mchana. Inawezekana, ila maandishi yanayotajwa kama ushahidi wa jambo hilo ni ya Rabi David Kimhi, aliyeishi miaka zaidi ya elfu moja baada ya Yesu. Habari ya Yeremia ni ya zamani zaidi na inatosha.

Tahajia zake zinayumba. Union Version huandika "jehanum", Biblia ya Habari Njema huandika "Jehanamu", na mtakutana pia na "jahanamu", iliyo karibu zaidi na Kiarabu. Chagueni moja na muishike bango zima. Mimi ningechagua jehanamu, kwa sababu neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na kwa sababu ndivyo msomaji wa Kongwa atakavyolitamka hata mkimwandikia vinginevyo.

Kama vijana bado hawajakubali, wasomeeni Ufunuo 20:14: "Mauti na Kuzimu zikatupwa katika lile ziwa la moto." Kuzimu kingekuwa ndicho hicho kitu kinachoitwa ziwa la moto, kingetupwa ndani ya nafsi yake. Kwa jambo hili Kiswahili chetu kina bahati. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia neno moja mara nyingi kwa Hadesi na kwa Geena pia, na wasomaji wake wamebishana karne nyingi juu ya tofauti ambayo sisi tunaisikia kwa sikio. Wanaokuja na vijitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza bila kuangalia Biblia ya Kiswahili ndio wanaoturudisha kwenye mchanganyiko huo.

Na ahera? Ahera ni maisha ya baada ya kufa kwa ujumla, kinyume cha dunia. Mwema huenda ahera, mwovu huenda ahera. Kumtishia mtu kwamba "utakwenda ahera" ni kumwambia tu kwamba atakufa.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana hapa ndipo sarufi inapogusa mafundisho. Mmeandika "wateketee". Kiswahili kina vitenzi vingi vya moto na havibadilishani ovyo. Ugali ukiungua, chini unabaki ukoko na watoto wanaugombania. Ghala la mtama likiteketea, hakuna anayekwenda kuchota kitu pale. Kuungua ni kupatwa na moto; kuteketea ni kumalizwa nao. Basi kitu hakiwezi kuendelea kuteketea bila mwisho, kwa sababu mwisho umo ndani ya kitenzi chenyewe. "Wateketee milele" msomaji makini ataielewa hivi: wamalizike kabisa, wasirudi tena.

Wako Wakristo wanaofundisha hivyo hasa. Waadventista Wasabato wanaamini kwamba waovu wataangamizwa wasiwepo tena, na hutaja Malaki 4:1, ambapo siku ile "itawateketeza" wenye kiburi isiwaachie shina wala tawi, pamoja na Mathayo 10:28, "kuangamiza mwili na roho pia katika jehanum". Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste kwa mapokeo yao wanafundisha adhabu isiyo na mwisho, na hutaja Ufunuo 20:10, "watateswa mchana na usiku hata milele na milele", na Marko 9:48, "funza wao hafi, wala moto hauzimiki". Kamati yenu ni ya upande gani mnajua wenyewe. Lakini kama ni upande wa pili, bango lenu linahubiri mafundisho ya jirani. Mnataka kitenzi kinachoweza kudumu, kama kuteswa au kuadhibiwa.

Neno linalokubaliwa na pande zote mbili ni adhabu, la Mathayo 25:46, "adhabu ya milele". Kifungo cha maisha ni adhabu, na kunyongwa nako ni adhabu, ijapokuwa cha kwanza kinadumu na cha pili ni cha dakika chache chenye matokeo yasiyofutika. Kwa hiyo wote wawili wanausoma mstari huo bila kukwama, kila mmoja kwa maana yake. Ukitaka kubisha na Msabato, usianzie hapo.

Bado hatujamaliza na "wateketee", kwa sababu ile -e ya mwisho nayo ina kazi. Ni ya dhamiri ya kutaka au kukusudia: nimempeleka shule asome, nimewasha moto maji yachemke. "Hutupa … wateketee" maana yake anatupa kwa lengo kwamba wateketee. Unganisheni na hu- ya "hutupa", ambayo ni ya mazoea: jua huchomoza mashariki, ng'ombe hula majani. Kisha mmemalizia na "ndiyo asili yake". Vitu hivi vitatu vikikaa pamoja vinamchora Mungu ambaye desturi yake ni kutupa watu, lengo lake ni kuwachoma, na hiyo ndiyo asili yake. Sidhani kama kuna mjumbe hata mmoja wa kamati anayeamini hivyo. Ezekieli 33:11 inasema kinyume chake, "sikufurahii kufa kwake mtu mwovu". Mafundisho yenu huweka jambo hili siku ya hukumu, kwa hiyo wakati wake ni ujao, na Ufunuo 20:15 hutumia kauli ya kutendwa: asiyeonekana katika kitabu cha uzima "alitupwa". Andikeni "watatupwa". Mkitaka Mungu awe mtenda, basi iwe "atawatupa", na msiisahau wa- ya watendwa. "Hutupa wenye dhambi" bila wa- inasikika kama mtu anayetupa takataka. Tena "wenye dhambi", kwa mafundisho ya makanisa yote hayo, ni sisi sote, pamoja na mchapaji. Mnaokusudia ni "wasiotubu".

Kuhusu asili. Neno hili la Kiarabu lina maana ya chanzo kwanza, na ya umbile baadaye. Asili ya Wagogo ni wapi? Asili ya mto ni wapi? Kwa hiyo "asili ya Mungu" huweza kusikika kama swali la Mungu ametoka wapi, swali ambalo Mkristo anasema halipo. Katika kitabu chenye nafasi ya kufafanua, lina matumizi yake. Katika bango, liacheni. Tabia linafaa mkizungumzia anavyotenda na alivyo kimwenendo, na Union Version inalo katika 2 Petro 1:4, "washirika wa tabia ya Uungu". Wapo wasiolipenda kwa sababu tabia ya mtu hubadilika. Kwa hao lipo neno sifa, nalo hutumika kwa wingi: sifa za Mungu ni utakatifu, haki, upendo. Angalieni pia kwamba tunasema "Mungu ni upendo" (1 Yohana 4:8) lakini hatusemi "Mungu ni ghadhabu". Ghadhabu tunasema anayo, au inakuja.

Kwa kile Mungu alicho, tofauti na anavyotenda, Kiswahili cha kanisa kina Uungu, na Wakatoliki husema umungu. Katika Kanuni ya Imani ya Nisea, inayotokana na mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 325, Mwana ni "mwenye umungu mmoja na Baba". Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kila mmoja huitwa nafsi. Msiandike "watu watatu". Nafsi ni neno lile lile la darasa la sarufi, nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, ila mwalimu asije akafananisha: katika sarufi nafsi ya tatu ni yule asiyekuwepo kwenye mazungumzo.

Jambo dogo la upatanisho, maana huko kwenu watu huteleza kutoka Mulungu ya Kigogo kwenda Mungu ya Kiswahili, na maneno haya mawili kweli ni ndugu. Mungu mmoja hupatana kama mtu: Mungu anaona, Mungu wetu. Wingi wake ni miungu, na Amri ya kwanza inasema "miungu mingine", si "wengine".

Kwa bango ningependekeza hivi, kama kanisa lenu linafundisha adhabu isiyo na mwisho: "Wasiotubu wataadhibiwa milele, Mungu hafurahii kufa kwao. Tubu leo." Kama mnataka maneno ya Maandiko yenyewe, chukueni "ziwa la moto" na muweke Ufu. 20:15 chini yake kwa herufi ndogo. Jehanamu mkilitumia, liwe baada ya "katika": watatupwa katika jehanamu. Kuzimu liachieni mhubiri jukwaani, ambako ana muda wa kulieleza.