Kabla Hujakubali Vidole vya Mwanao Vifunguliwe

Binti yangu alizaliwa na epidamolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi wa malengelenge, wa aina ambayo jeni ya COL7A1 ina hitilafu na mwili haupati kolajeni ya aina ya saba ya kutosha, ile protini inayoishikiza ngozi ya juu kwenye ngozi ya chini. Hata mshono wa nguo humtoa malengelenge, na kwa kuwa vidonda vyake hupona kwa makovu, vidole vilianza kushikana kimoja baada ya kingine, hadi alipotimiza miaka sita mkono wa kulia ulikuwa kama umevishwa soksi, dole gumba limelala kiganjani, hawezi hata kumega tonge la ugali.

Katika upasuaji wa kwanza vidole vilitenganishwa, kisha pakapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Vidole vilifunguka, lakini paja likageuka kidonda kilichotusumbua kwa miezi, na ngozi yenyewe ilikuwa na kasoro ileile. Mara ya pili tulichagua ngozi ya maabara, ambayo seli zake huoteshwa kutoka govi la watoto wachanga waliotahiriwa (msishtuke, lingetupwa tu) na kupandwa juu ya sponji ya kolajeni ya ng'ombe. Hapa Marekani ngozi ya namna hiyo iliruhusiwa kwa mikono ya wagonjwa hawa mwaka 2001.

Muulize daktari seli ni za nani. Seli za mtu mwingine hukisaidia kidonda kufunga na kumwepusha mtoto na kidonda cha pajani, ila hazidumu. Baada ya muda nafasi yao huchukuliwa na seli za mgonjwa mwenyewe, zenye hitilafu ileile. Seli za mgonjwa zilizorekebishwa jeni ni jambo jingine. Tiba iitwayo Zevaskyn, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2025, ni ya aina hiyo, lakini imeidhinishwa kwa ajili ya vidonda, si kwa kufungua vidole.

Mwambie pia mtaalamu wa nusukaputi, tena kwa maandishi, kwamba plasta ya kawaida isiguse ngozi ya mtoto. Sisi tulisema kwa mdomo tu, na plasta ya mpira wa dripu ilipobanduliwa iliondoka na ngozi ya mkono.

Kosa kubwa lilikuwa letu wenyewe. Vidonda vya upasuaji wa kwanza vilipofunga, tulimwonea huruma mtoto aliyelia kila usiku, tukaliweka kabatini banzi la kunyoosha vidole, na kabla ya miaka miwili kupita vidole vitatu vilikuwa vimeshikana tena. Sasa kila kidole hufungwa bandeji yake, nyingine hupitishwa katikati ya vidole na kukazwa hadi kwenye shina la vidole, kisha banzi huvaliwa hadi asubuhi, alie asilie. Kila Jumapili ninalaza penseli ileile kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na wiki ambayo haifiki hadi shina la vidole nampigia simu mtaalamu wa mikono kesho yake.