Jibu: Hedifoni za kuhisi mtetemo kwa kiziwi
Dada, umeuliza kama hedifoni za kupitisha sauti kwenye mfupa zitamfaa mdogo wako ambaye ni kiziwi kabisa, ili ahisi muziki. Hapo ningesita. Zile hutikisa fuvu ili sauti ifike sikio la ndani, kwa hiyo zinamfaa mwenye tatizo la sikio la nje au la kati. Kama la ndani lenyewe halifanyi kazi, ataambulia mtekenyo tu karibu na shavu.

Tafuta kubwa zinazofunika sikio lote, zenye kitikisio cha besi, yaani sauti nzito za chini. Skullcandy Crusher, kwa mfano, ina kidhibiti cha mtetemo peke yake, mbali na cha sauti. Hilo ni muhimu: kama amebakiwa na usikivu kidogo, sauti kubwa itaumaliza. Ngozi huhisi zaidi mitetemo ya karibu hezi 250, yaani mitikisiko 250 kwa sekunde. Mitetemo ikipita hezi 1,000 hivi, ngozi ni kama imekufa ganzi. Ngoma na gitaa la besi atazipata, maneno ya mwimbaji hapana.

Ila kabla hujatoa hela, mpe puto alishike mbele ya spika, au asimame pekupeku kwenye sakafu ya mbao, auhisi mtetemo. Evelyn Glennie, mpiga ngoma kiziwi wa Uskoti, hupiga bila viatu kwa sababu hiyohiyo.