Alikuwa fundi kwanza: kwa vijana wanaoanza kazi ya gareji

Wadogo zangu, kila mwaka gareji yetu hupokea vijana wawili watatu kutoka vyuo vya ufundi, na kila mwaka swali lao la kwanza ni moja: "Mzee, sisi tutaanza lini kugusa magari ya mbio?" Siwalaumu. Nami niliingia kazini 1982 na kiu hiyo hiyo. Niliipata utotoni, Pasaka moja ya miaka ya sabini, nilipokwea mti kando ya barabara ya vumbi huku kwetu Molo ili nione magari ya Safari, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, yakipita. Tulisikia mlio kabla ya kuona kitu. Kisha watu wote wakapaza sauti, "Joginda! Joginda!", na kabla sijajua nitazame wapi, gari lilikuwa limeshapotea kwenye kona, limetuachia vumbi na harufu ya mpira.

Joginder Singh, dereva huyo wa mbio tuliyemwita Joginda, alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Hapa Kenya siku hiyo ni Sikukuu ya Mashujaa. Mwaka huo iliangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu nayo ikawa mapumziko, na sisi tukafungua gareji Jumanne. Mzee aliyenifundisha kazi, Kalasinga mwenzake ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, alikuja asubuhi mapema akaketi kwenye kiti chake cha zamani karibu na benchi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yule alikuwa fundi." Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza.

Maneno hayo matatu nimeyabeba tangu siku ile, na leo nataka kuwakabidhi ninyi.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gareji ya baba yake. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari, Royal East African Automobile Association, akawa mtu wao wa kwanza wa doria. Ifikirieni kazi hiyo. Unazunguka barabarani kutafuta watu waliokwama: huyu fenbelti imekatika, yule rejeta inachemka, mwingine ameingia mtaroni. Huna karakana nyuma yako, una mikono yako na ulichobeba. Mtu akiifanya kazi hiyo kwa bidii anajua mambo mawili ambayo dereva wa kawaida hayajui: kila gari huvunjikia wapi, na kila barabara huvunjia magari wapi. Safari yake ya kwanza aliingia mwaka uliofuata, 1959, na mimi sioni kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Safari ya zamani, ambayo ninyi hamkuiona, haikuwa kama hii ya Naivasha ya siku hizi. Ilianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita kwa siku chache, na baadaye ikawa ya wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa mlangoni. Barabara hazikufungwa. Ulikutana na lori, basi, ng'ombe na mama na mzigo wake wa kuni. Ulipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika uliyochelewa iliandikwa dhidi yako. Mshindi ni aliyefika akiwa na dakika chache kuliko wenzake. Tena kufika kwenyewe kulikuwa kazi: mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza, na mwaka 1968 yakawa saba tena, kati ya zaidi ya tisini yaliyoanza.

Katika mashindano ya namna hiyo, Joginder aliingia mara 22 na kumaliza mara 19.

Watu hupenda kutaja ushindi wake mara tatu, nami nitautaja, lakini ningekuwa na uwezo ningeiandika hiyo kumi na tisa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa gareji. Madereva wenye kasi ni wengi. Anayefikisha gari nyumbani mara kumi na tisa, kupitia matope ya udongo mweusi na mawe ya Mau, ni yule anayesikia gari likilalamika kabla halijavunjika. Masikio hayo hayapatikani kwenye usukani. Yanapatikana chini ya gari, oili ikikudondokea usoni.

Basi somo langu la kwanza ni hili: miezi yenu sita ya mwanzo msitamani kufungua injini. Jifunzeni kugusa, kunusa na kusikiliza. Gari likirudi kutoka barabarani, kabla hujashika spana, zunguka magurudumu yote manne ukisogeza mkono karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Moja likiwa la moto kuliko mengine, hapo pana beringi inayokufa au breki inayokwaruza. Ukimwaga oili ya gia boksi, tazama ile nati ya chini yenye sumaku. Vumbi laini la chuma lililogandana kama uji ni la kawaida. Ukiona kipande unachoweza kukishika kwa kucha, usirudishe oili mpya juu yake, mwite mkubwa wako. Inuse hiyo oili pia. Iliyoungua ina harufu ambayo ukiijua mara moja hutaisahau.

Rejeta iliyojaa tope msiioshe kwa kupiga maji kutoka mbele. Mnalisukuma tope ndani zaidi. Pigeni kutoka upande wa injini, taratibu, tope litoke lilikoingilia. Nimeona gari zuri likifa kilomita thelathini baada ya kituo cha huduma, pale mafundi wa timu wanapolihudumia gari katikati ya mbio, kwa sababu ya kijana mwenye haraka na mpira wa maji.

Nati za magurudumu nazo. Hapa nitasimulia kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa tano kazini nilikuwa katika timu ndogo ya huduma, usiku, mvua inanyesha, dereva anapiga kelele kwamba dakika zinakwisha. Nilikaza nati nne kati ya tano upande wa kushoto nyuma, ya tano nikaikaza kwa mkono nikisema nitairudia. Dereva akatia gia akaondoka. Hakuna aliyeumia, Mungu alisaidia: gurudumu lilianza kucheza, mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, akalisikia, wakasimama na kukaza wenyewe gizani. Walipoteza dakika kumi na moja. Waliporudi dereva hakunigombeza. Alinipa ile spana ya magurudumu mkononi na kuniangalia tu. Tangu usiku ule sijaondoka kwenye gurudumu kabla ya kugusa kila nati na kuihesabu kwa sauti, na baadaye nikajifunza kuchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili ikilegea hata kidogo, mstari ukatike na jicho lione. Mtanisikia nikihesabu. Hesabuni nanyi.

Sasa niwarudishe 1965, kwa sababu hadithi hii ndiyo niipendayo zaidi.

Mwaka huo Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544. Gari hilo, kwa wasiolijua, lina mgongo wa mviringo kama kobe, na umbo lake lilikuwa limeshapitwa na wakati. Mwaka huo huo kiwanda kiliacha kulitengeneza. Halikuwa jipya pia, lilikwisha kutumika mbioni na timu ya kiwanda kabla ya ndugu hawa kulipata. Hawakuwa na kiwanda nyuma yao. Walikuwa watu binafsi, ndugu wawili waliokulia kwenye gareji, na gari kuukuu. Wakashinda Safari.

Mnapolalamika kwamba hatuna mashine ya kisasa ya kupimia, kwamba gareji ya jirani ina lifti mbili na sisi moja, nikumbusheni niwasimulie tena. Gari lililokwisha kutumika lina jambo moja zuri kwa fundi anayelijali: limeshaonyesha udhaifu wake. Palipopasuka pamepasuka, unapaona, unapaimarisha. Jipya linakuficha mambo. Kwa hiyo gari kuukuu likiingia gareji msikunje pua. Lilazeni, lifungueni, andikeni kila mlichokikuta. Daftari ni lazima. Mimi nina madaftari ya tangu 1984, na bado huyafungua.

Kutoka ushindi wa kwanza hadi wa pili ilipita miaka tisa. Sisemi hivyo kwa haraka. Miaka tisa ya kuingia kila Pasaka, kumaliza, kusikia jina la mwingine likitangazwa, kurudi gareji na kuanza upya. Katika miaka hiyo Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo na Peugeot 404, Edgar Herrmann akashinda mara mbili na Datsun, na 1972 Hannu Mikkola kutoka Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kulichukua kombe. Wengi walidhani zama za wenyeji na magari yao madogo zimekwisha, kwamba sasa ni zamu ya timu kubwa za Ulaya.

Mwaka 1974 Joginder, mwenye miaka 42, akaja na Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6, mwelekezi wake akiwa David Doig. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, Björn Waldegård na Porsche 911. Ya tatu Sandro Munari na Lancia. Kisha 1976 akarudia, na safari hii Lancer zikachukua nafasi zote tatu za mbele. Alikuwa na miaka 44. Kati yenu kuna mwenye miaka 23 aliyeniambia wiki iliyopita kwamba amechelewa maishani.

Niseme pia juu ya mwelekezi, maana huwa anasahaulika. Jaswant mara ya kwanza, Doig mara mbili zilizofuata. Dereva hawezi kusoma saa, kitabu cha njia na barabara kwa wakati mmoja. Kazi yetu iko hivyo hivyo. Kwenye kituo cha huduma kila mtu ana kona yake ya gari, na fundi bora ni yule anayesema kwa sauti alichomaliza na alichobakiza. "Mbele kulia tayari." "Nyuma kushoto bado, bushi imekwisha." Usipomwambia mwenzako, yeye anadhani umefanya. Ukiwa hujui, sema hujui. Aibu ya neno hilo huisha dakika ile ile, lakini breki uliyoikisia haikusamehi.

Mtaniuliza kuhusu pesa. Mwanzoni ni kidogo, na timu nyingine za mbio huchelewa kulipa. Mwajiri mmoja wa zamani, simtaji, aliniacha miezi mitatu bila mshahara baada ya msimu kwisha. Afikianeni malipo kwa maandishi kabla ya kupanda gari la huduma, hata kama mwenye timu ni rafiki wa baba yako.

Jambo la mwisho ni kasi. Ninyi ni vijana, mtapewa funguo za magari ya watu kuyajaribu barabarani. Zamani huku kwetu mtu akikimbiza gari aliulizwa, "Unadhani wewe ni Joginda?" Nami nawauliza hivyo hivyo, lakini nataka mlielewe swali. Joginder alijua kila kilichokuwa chini ya kiti chake, kwa sababu mikono yake ilipita hapo. Gari la mteja unalijaribu ili ulisikilize, na sauti ya beringi husikika vizuri kwenye kilomita arobaini kwa saa, dirisha likiwa wazi na redio imezimwa.

Mzee wangu naye amekwisha kwenda, miaka mitano sasa. Kile kiti chake bado kipo karibu na benchi na hakuna anayekikalia wakati wa kazi. Kwenye droo ya chini ya benchi hilo kuna seti yake ya spana, kila moja imefungwa kwa kitambaa, na kipande cha gazeti la 2013 chenye picha ya Lancer ikiruka, magurudumu yote manne hewani. Jumatatu mkija, saa moja kamili asubuhi, tutaanza kwa kuzitoa spana hizo moja moja, kuzifuta oili ya zamani na kupaka mpya. Kisha kuna pikapu ya mkulima wa viazi imekuja ikivutwa kutoka Kuresoi, gia ya tatu haikai. Leteni madaftari.