Mali kauli, na siku niliyozima simu

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua neno mali kauli. Unachukua mzigo kwa tajiri bila kutoa hata shilingi, unaenda kuuza, ukishauza unampelekea hela yake na faida inabaki kwako. Hakuna hati wala dhamana, ni kauli tu. Mimi nilianza hivyo mwaka 2014, khanga doti 20 kutoka duka moja la jumla Mtaa wa Uhuru, nikazitembeza Mbagala ndani ya kiroba mpaka bega likavimba.

Siku hizi ukitaja mali kauli unachekwa. "Dada, mjini hapa unamwamini nani?" Dukani kumebandikwa karatasi: kukopa harusi, kulipa matanga. Sawa, lakini kabla sijaanza kuilaumu dunia, nianze na mimi mwenyewe.

Mwaka wa pili mwanangu alilazwa. Hela ya tajiri, Sh 150,000, ikaishia kwenye dawa na bajaji. Kwa hilo sijuti. Ninachojutia ni simu. Ijumaa alinipigia, sikupokea. Jumamosi nikazima kabisa. Siku 11 nilikuwa nikienda Kariakoo napita vichochoroni, maana kijana wake wa kubeba mizigo ananijua. Siku nilipojikaza kwenda, Mzee wala hakupandisha sauti. Alifungua daftari, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akauliza, "Mwanangu, mtoto amepona?" Kumbe habari alikuwa nazo.

"Amepona, baba."

"Ungeniambia, ningesubiri hata mwezi. Sasa umezima simu. Siku nyingine nitajuaje kama umeuguliwa au umenikimbia?"

Deni nililimaliza kwa mafungu. Mali kauli sikuionja tena mwaka mzima, nikawa nanunua taslimu kama mgeni. Kwa hiyo kama una deni la mtu na hela haijatimia, piga wewe kabla hajapiga yeye. Piga hata kama huna cha kumwambia zaidi ya "bado". Aibu ya simu hiyo ni ya dakika mbili.

Baadaye nikapata kibanda changu, na mimi nikawa tajiri wa watu. Binti mmoja alikuja, adabu imejaa, shikamoo mpaka kwa watoto, nikampa doti 12 siku hiyo hiyo ya kwanza. Sijamwona tena na laini yake haipatikani. Nilimsema vibaya sana mtaani, ila kosa lilianzia kwangu: nilipima uaminifu kwa shikamoo. Sasa naanza na doti mbili. Akirudi siku aliyosema, nampa nne. Na simtazami sana aliyemaliza mzigo, namtazama ambaye mzigo umemdodea, nisikie anasemaje.

Kila kitu naandika, hata kwa wifi yangu. Mwanzoni alinuna. Nikamwambia wifi, hili daftari si la kukuita mwizi; wewe utakumbuka doti sita, mimi nitakumbuka saba, na sote tutaapa. Tukishaandika tunaupiga ukurasa picha, kila mtu anabaki nayo kwenye simu yake.

Wazee wanasema zamani watu walikuwa waaminifu. Mimi nina mashaka. Zamani ukikimbia na mali ya mtu, alikuwa anajua kwenu, anamjua mjomba wako, na Ijumaa mnakutana msikitini. Leo mtu anabadilisha laini tu, keshapotea. Hata usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwaka 2020 uliwafungia wengi simu, haujamaliza zile meseji za "ile hela tuma kwa namba hii". Ukipata meseji ya namna hiyo, ipeleke 15040, halafu piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na mteja akikuonyesha kwenye simu yake kwamba ameshakulipa, usisome simu yake. Angalia salio kwenye yako. Mimi niliwahi kutoa doti tatu kwa meseji ya kutengeneza, mteja kavaa vizuri, ananiharakisha eti bodaboda inamsubiri.

Hayo yote yamenifanya niwe mwangalifu, lakini mali kauli sijaifunga. Nikiifunga, binti asiye na mtaji ataanzia wapi? Mwezi uliopita nilimpa mmoja doti mbili, turudiane Jumatano. Jumanne jioni, nakuna nazi, simu ikaita. "Shangazi, nimeuza moja tu, na hiyo moja nimelipwa nusu."

Nikamwambia aje kesho hivyo hivyo na hiyo nusu. Alikuja saa mbili asubuhi. Sasa hivi ana doti nane zangu.