Maswali ya Wasomaji: Swichi za Mtandao Penye Singa, Chumvi na Chokaa

Safari hii tumechagua barua nne, zote kutoka mkoa wa Tanga, kwa sababu kila moja inauliza kwa njia yake kwa nini swichi za mtandao zinakufa mapema katika viwanda vyetu. Swichi ni kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, kamera na vidhibiti vya mashine ili vipashane habari. Ikizimika, aliye chumba cha usimamizi haoni mota, haoni mizani, wala hajui tanuri lina joto gani.

SWALI: Ndugu mwalimu, salamu. Mimi ni fundi umeme katika shamba la mkonge wilayani Muheza. Katika jengo la brashi, yaani panaposafishwa singa za mkonge kwa mashine ya brashi, tumefunga swichi ya kawaida yenye matundu manane ya kuchomekea kebo, na ndani ya miezi 18 zimekufa tatu. Meneja anataka kununua ile inayoitwa ya kiwandani, ambayo bei yake ni kubwa mno kulinganisha na hii. Je, itadumu, au tutapoteza fedha? *Fundi umeme, Muheza*

JIBU: Ndugu fundi, itadumu ikiwa boksi lake, umeme wake na kebo zake vitatengenezwa pamoja nayo. Ukiitundika pale pale zilipofia tatu za mwanzo, utakuwa umeahirisha msiba tu.

Swichi ya ofisini kwa kawaida huandikwa kuwa inafanya kazi hadi nyuzi joto 40, na nyingi za kiwandani huandikwa kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 75 juu yake. Ya kiwandani haina feni, kwa kuwa joto lake hutoka kupitia ganda la chuma, na aghalabu hupokea umeme wa volti 24 kutoka pawa saplai mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Hizo ndizo tofauti ambazo meneja wako atazilipia, nazo ni za kweli. Lakini kabla hajalipa, mwombe asome alama ya kinga iliyoandikwa ubavuni. Nyingi za kufungwa kwenye reli ya milimita 35 zina alama ya IP30. Tarakimu ya kwanza, yaani 3, maana yake ni kwamba kitu chenye unene wa milimita 2.5 au zaidi hakipenyi. Ya pili, yaani sifuri, maana yake ni kwamba hakuna kinga yoyote dhidi ya maji. Singa ya mkonge ni nyembamba mno kuzuiwa na kinga ya namna hiyo.

Niliwahi kufungua boksi katika jengo la brashi la shamba moja, nikakuta vumbi la singa limetanda juu ya swichi kwa unene wa kidole, laini kama sufi ya mto. Nilipolibandua lilitoka zima kama kipande cha blanketi, na upande wake wa chini ulikuwa na alama za matundu ya hewa, moja moja, kama mhuri. Swichi ile ilikuwa imefunikwa pumzi. Nayo singa kavu ni kuni, kwa hiyo hapo hatukuwa tena na shauri la mtandao peke yake, bali na shauri la moto.

Kwa sababu hiyo, katika jengo la brashi usitoboe boksi ili uweke feni, ingawa najua mafundi wengi hukimbilia huko mara tu wanaposikia neno joto. Feni itavuta singa ndani mchana kutwa, na kichujio chake kitaziba kabla ya wiki kwisha. Tumia boksi la chuma lililofungwa kabisa, lenye alama ya IP65, ambayo maana yake ni kwamba vumbi haliingii kabisa na maji ya kurushwa kwa bomba hayaleti madhara. Kisha piga hesabu ya joto. Chukua boksi la kutundika ukutani lenye kimo cha milimita 600, upana wa 400 na kina cha 200: eneo linalotoa joto ni takribani mita za mraba 0.66, na bati la chuma lililopakwa rangi hutoa kiasi cha wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Vifaa vilivyomo vikitoa joto la wati 40, ndani patazidi nje kwa nyuzi 11 hivi. Mchana wa kaskazi wenye nyuzi 33, ndani ya boksi patafika 44. Swichi ya ofisini imekwisha kuvuka mpaka wake hata kabla singa hazijaingia, ilhali ya kiwandani bado ina nafasi ya nyuzi 31.

Nafasi hiyo usiile yote. Kapasita, yaani vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyomo ndani ya swichi na pawa saplai, hupoteza takribani nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Basi boksi lisikae chini ya bati linalopigwa na jua, lisikae kwenye ukuta wa nje unaotazama magharibi, wala lisipachikwe juu ya mota ya brashi. Ukutani, kwenye nguzo isiyotikisika, kwa kimo cha macho ya mtu mzima, panatosha. Fundi anayelazimika kutafuta ngazi kila anapotaka kulikagua boksi hatalikagua.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mitandao katika kiwanda cha barafu na samaki kilicho karibu na bahari, hapa Tanga mjini. Swichi yetu ni ya kiwandani na imo ndani ya boksi la IP65. Hata hivyo, karibu kila alfajiri kamera mbili hupotea, na ikifika saa nne asubuhi hurudi zenyewe. Tumebadilisha swichi mara moja, lakini hali ni ile ile. *Fundi wa kike, Tanga*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umeandika saa, na katika saa hizo jibu limekaa wazi.

Chumvi ya kawaida ina tabia moja ambayo kila fundi wa pwani anapaswa kuijua: hewa inapofikia unyevu wa takribani asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka na kuwa tone. Usiku wa Tanga huvuka kiwango hicho bila shida. Kwa hiyo vumbi la chumvi lililoingia kwenye soketi ya kamera, ambalo mchana ni unga mkavu usio na madhara makubwa, alfajiri hugeuka utando wa maji ya chumvi unaopitisha umeme kati ya pini moja na nyingine. Jua likipanda, utando hukauka, na kamera hurudi. Swichi uliyoibadilisha haikuwa na kosa.

Kamera zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao huumia zaidi, kwa sababu waya zake hubeba kiasi cha volti 48, na umeme huo ukikutana na maji ya chumvi huila shaba upesi. Chomoa plagi za kamera hizo mbili, upande wa kamera na upande wa swichi, uzitazame kwa tochi na kioo cha kukuzia. Naamini utaona kutu ya kijani kwenye pini mbili au tatu, na huenda dhahabu imekwisha kutoka, maana ni utando mwembamba usiozidi sana elfu moja ya milimita. Nakusihi usisugue pini kwa msasa wala kwa kisu. Msasa utaondoa dhahabu iliyobaki, na kutu itarudi baada ya wiki chache ikiwa kali kuliko mwanzo. Kata plagi, funga mpya, safisha soketi kwa spiriti safi ya isopropili na brashi laini, uache ikauke vizuri. Soketi ikiwa imeliwa, usiitumie tena. Kwa kamera za nje, nunua zenye viunganishi vya duara vya kukaza kwa nati, aina ya M12, au angalau uzifungie plagi ndani ya kikopo chenye raba.

Sasa tulitazame boksi lenyewe. Boksi lililofungwa pia hupumua. Mchana hewa ya ndani hupata joto na kutoka kupitia kila mwanya. Usiku hupoa, na hewa ya bahari huvutwa ndani pamoja na chumvi yake. Tazama kebo zinaingilia wapi. Katika kiwanda kimoja cha pwani nilikuta zote zinaingilia juu, na niliposimama hapo asubuhi niliona tone moja likiteremka kwenye kebo, likapita kwenye glandi (kile kikazio cha kebo inapoingia kwenye boksi) iliyolegea, likaning'inia juu ya swichi kabla ya kudondoka. Glandi ziwe chini ya boksi, kila moja ilingane na unene wa kebo yake, tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo chake halisi wala si kwa gundi ya karatasi, na kebo ishuke chini ya usawa wa glandi kwanza ndipo ipande kuingia, ili maji yadondokee nje.

Baada ya hapo weka hita ndogo ya wati 20 au 30 inayowashwa na kipima unyevu ukifika asilimia 60 hivi, na chini ya boksi weka kipumulio chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Najua inashangaza kuambiwa uongeze joto Tanga. Lakini hita hiyo hufanya kazi usiku, wakati joto si tatizo, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba ndani pana joto kidogo kuliko nje ili umande usitue. Vile vifuko vya kunyonya unyevu havitoshi katika boksi linalopumua, kwa kuwa hujaa upesi na hakuna anayekumbuka kuvibadilisha.

SWALI: Mwalimu, tunachoma chokaa nje kidogo ya mji wa Tanga. Kutoka ofisini hadi kwenye tanuri ni mita 160, na tumeunganisha kwa kebo ya shaba yenye swichi ndogo katikati. Kila masika radi inapopiga jirani, tunapoteza swichi mbili hadi tatu. Fundi wetu ameshauri tutumie kebo yenye ngao. *Msimamizi, Tanga*

JIBU: Kebo yenye ngao, yaani iliyozungushiwa utando wa chuma, haitawaokoa, na yaweza kuongeza madhara. Ofisi ina ethi yake, yaani waya wake wa kwenda ardhini, na tanuri lina yake. Radi ikipiga jirani, ethi hizo mbili hupishana kwa volti nyingi kwa muda mfupi, na ngao inayoziunganisha huwa ndiyo njia ya umeme huo. Ng'oeni shaba yote kati ya majengo, muweke faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha mwanga badala ya umeme. Shaba ya mtandao mwisho wake ni mita 100, ndiyo maana mlilazimika kuweka swichi ya katikati, ilhali faiba ya aina ya njia moja (single-mode) hufika kilomita 5 kwa kasi ya gigabiti bila kituo. Chagueni isiyo na chuma ndani. Kama panya wanawasumbua, ipo iliyokingwa kwa nyuzi za kioo badala ya bati. Waambieni vijana wasichungulie ncha ya faiba, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho.

Faiba haizuii radi inayokuja kupitia waya wa umeme. Wekeni kinga ya mapigo ya radi kwenye umeme wa volti 230 unaoingia katika kila boksi, na skrubu ya ethi ya swichi iunganishwe na ethi ya boksi kwa waya mfupi na mnene. Kwangurueni rangi pale waya unapokaa. Nimekuta mara nyingi waya mzuri wa ethi umekazwa juu ya rangi, haujagusa chuma hata kidogo.

Jambo moja ambalo hamkuliuliza: msipulize vumbi la chokaa kwa hewa ya kompresa. Hewa hiyo hubeba maji na mafuta, na chokaa ikikutana na maji hupata joto na kuwa kali, huila alumini, ambayo ndiyo ganda la swichi nyingi. Tumieni mashine ya kunyonya vumbi na brashi laini isiyozalisha umeme tuli.

SWALI: Je, ni kweli kwamba swichi isiyo na feni haihitaji matunzo? *Msomaji, Korogwe*

JIBU: Si kweli. Inahitaji machache, yafanywe kwa wakati. Mimi hupendelea mara mbili kwa mwaka: Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Kabla ya kufungua boksi, ingia kwenye swichi kwa kompyuta, uandike daftarini joto lake, idadi ya makosa katika kila tundu, na nguvu ya mwanga unaopokelewa kwenye faiba. Namba moja peke yake haisemi mengi. Zikiwa za misimu minne, utaona tundu lipi linazidi kuharibika na faiba ipi inafifia. Hifadhi nakala ya mipangilio mahali pengine, zima matundu yasiyotumika, na kama nywila ni ile iliyotoka nayo kiwandani, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Kisha, kwa ruhusa ya msimamizi na wakati mashine zimepumzika, zima pawa saplai ya kwanza uone kama ya pili inashika, uirudishe, halafu uzime ya pili. Nimeona swichi zilizokaa miaka na pawa saplai mbili ambazo moja ilikuwa imekufa zamani, kwa sababu waya wa kengele ya hitilafu haukuwahi kuunganishwa na taa yoyote. Kaza skrubu zilizolegezwa na mtikisiko. Mwisho, fungia kipande cha karatasi kwenye mlango wa boksi, ukivute taratibu, na urudie pande zote nne: pale kinapotoka bila kukataa, raba imekwisha, ibadilishe kabla ya mvua.